Kabichi zinapasuka kabla sijazivuna

Dada, pole. Umesema kabichi zako hapo Lushoto zilikuwa zimefunga vizuri, mvua ikapiga siku mbili, zikapasuka. Huo si ugonjwa, wala hujarogwa! Kabichi iliyokomaa ikikaa na kiu kisha ikapata maji mengi ghafla, ndani inavimba kuliko majani ya nje yanavyoweza kutanuka.

Kwa hiyo usisubiri zote zilingane ukubwa. Pita bustanini kila baada ya siku mbili tatu, ubonyeze kwa kiganja. Ikiwa ngumu kama mpira uliojazwa upepo, kata. Ukiona wingu zito na bado huna mlaji, ishike kabichi kwa mikono miwili uizungushe nusu mzunguko mpaka usikie mizizi ikikatika. Itapunguza kunywa maji, nawe utapata siku kadhaa. Msimu ujao mwagilia kidogo kidogo bila kuruka, na tandaza nyasi kavu shinani.

Hizo zilizopasuka zipike leo au kesho, maana hazikai.

Za kuhifadhi, vuna asubuhi umande ukishakauka, kwa kisu, ukiacha majani mawili matatu ya nje. Usizioshe. Zipange kwenye chanja kivulini zisigusane, mbali na ndizi mbivu, maana hewa yake huyafanya majani yageuke manjano. Baridi ya huko kwenu ni friji ya bure. Mimi wa Tanga mjini nakuonea wivu.

Shina usiling'oe: litachipua vikabichi vidogo, vitamu kwa kachumbari.