Banda la kahawa huanzia kwenye umeme

Siku ukipewa kazi ya kubuni banda la maonyesho la kahawa ya bei kubwa, tuseme kwenye viwanja vya Sabasaba, barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, mteja atakuja na picha kwenye simu: ukuta mweusi, herufi za dhahabu, taa zinazoning'inia. Zipokee, mshukuru, kisha muulize mashine yake inakula umeme kiasi gani. Mara nyingi hajui. Mashine ya espreso ya vichwa viwili huweza kula kilowati 3 mpaka 4, na plagi ya kawaida ya ampea 13 mwisho wake ni kilowati 3 hivi. Ukiichomeka kwenye ekstensheni moja na friji na kinu cha kusagia kahawa, umeme utakatika wageni wakiwa wamepanga foleni. Omba laini ya peke yake kabla hujachora hata mstari mmoja.

Bomba la maji nalo usilitegemee. Mimi huchora kwanza madumu mawili ya lita 20 chini ya kaunta, la maji safi na la maji machafu, ndipo nifikirie nembo.

Anasa nayo? Iweke pale mgeni anapogusa. Banda la mita 3 kwa 3 halihitaji mninga kila upande. Mninga uwe juu ya kaunta, mkono unapotua; kuta za nyuma MDF, ubao wa kiwandani, iliyopigwa rangi kwa uangalifu inatosha. Wengi huisahau sakafu. Tunaiinua sentimita 10 kuficha nyaya, halafu mgeni akipanda, viatu vinalia kama yuko juu ya kasha tupu, na hadhi yote imekwisha hapo hapo. Kaza mihimili ya chini iwe karibu karibu, tandika mpira kabla ya mbao, na ukingoni acha mteremko wa kiti cha magurudumu.

Taa ziwe za manjano, kelvini 3000 hivi. Zile nyeupe zenye ubluu huifanya kahawa ionekane oili chafu ya gereji.

Halafu nenda kamwangalie muuza kahawa wa barazani. Hana ukuta wala nembo. Ana dele lake juu ya mkaa, vikombe vinagongana mkononi, na kashata pembeni. Unamsikia na kumnusa kabla hujamwona. Tangu nilipoligundua hilo, kinu nakiweka upande wa njia, wapita njia wapate harufu. Wateja wengine hulalamikia kelele. Huwa nawabishia.

Harufu hiyo hiyo iliwahi kuniumbua. Tulichelewa, tukapiga vanishi usiku wa kuamkia ufunguzi. Asubuhi mzee mwenye kahawa akainua kikombe, akanusa, akakirudisha kwenye kisahani. "Mwanangu," akasema, "hapa nanusa karakana." Tulishinda na feni mbili, na kahawa ya Mbinga ya watu ikanuka tina ya kuchanganyia vanishi siku nzima. Siku hizi vanishi inakaukia karakanani, siku 4 kabla, na bandani hatuendi na kopo lolote isipokuwa rangi ya maji ya kuzibia mikwaruzo.

Na usipige misumari. Kila kipande kifungwe kwa bolti na kiandikwe namba mgongoni, maana usiku wa kubomoa mafundi wamechoka, kigari cha mizigo, Kirikuu, kinasubiri nje, na dereva anahesabu saa.