Mnunuzi si mbia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi vijana wa hapa Mtwara tunafuatilia hisa za kampuni za chipu zinazoiga neva za ubongo. Mtu akisema kampuni ya magari itaingia ubia na watengenezaji wa chipu hizo, naye hana ushahidi, anakisia au anabashiri? – Msomaji, Shangani.

JIBU: Marahaba. Anakisia. Kubashiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuleta habari njema, na wenye hisa hupenda mno kuletewa. Anayepima kwa akili tu, huyo anakisia.

Lakini hilo "ubia" ulilolipitisha kimyakimya ndilo linalonikera. Siku hizi watu wawili wakipeana mikono mbele ya kamera, tayari ni wabia!

Neno linatokana na bia, yaani kuchangiana. Wabia huchanga mtaji, hugawana faida, na hasara ikija huingia nyumba zote. Sasa utazame mnada wa korosho. Mkulima wa Tandahimba amepeleka mzigo AMCOS, chama chake cha ushirika, umefika ghala kuu, stakabadhi imeandikwa. Mnunuzi anataja bei, anashinda, analipa, anapakia. Huyo ni mbia wa mkulima? Wakati wa kupuliza dawa ya salfa alikuwa wapi? Ugonjwa wa ubwiriunga ulipoyashika maua ya mikorosho, yeye alipoteza nini? Arudi msimu ujao, arudi na wa kumi, amjue mkulima kwa jina, awaletee watoto zawadi ya Idi: ni mnunuzi mwema, na anabaki mnunuzi. Hata yule wa kangomba, anayetoa fedha korosho zikiwa bado mtini, ni mkopeshaji, tena mkali.

Januari 2022 Mercedes-Benz ilipoonyesha gari lake la majaribio, Vision EQXX, ilieleza kwamba chipu ya Akida ya BrainChip, kampuni ya Australia, ilitumika humo kutambua sauti ya dereva. Hisa za BrainChip zikapaa. Chipu ya kampuni moja kutumika ndani ya gari la nyingine haitoshi kuitwa ubia. Desemba 2020 Renesas ya Japani ilichukua leseni ya teknolojia hiyohiyo. Nayo ni leseni, mtu analipia ruhusa ya kutumia. Ubia mnao hapo karibu yenu: gesi ya Mnazi Bay, TPDC, shirika letu la petroli, na Maurel & Prom ya Ufaransa, kila mmoja na fungu lake.

Nalishikilia hili kwa sababu kijana anayesoma "ubia" anatoa akiba yake akiamini kampuni kubwa imeweka fedha zake humo na itaumia pamoja naye. Kumbe imejaribu chipu tu, na kesho inaweza kujaribu nyingine.

"Ushirikiano" nawaachia. Limetumika hadi limepauka, ila halidanganyi sana. Basi andikeni: "Tunakisia kwamba kampuni hiyo itanunua chipu," au "itachukua leseni." Ubia ungojeeni mpaka mkataba utaje nani kachanga nini.