Uliza Tukujibu: Uchumi wa kati tumeingia, mbona maji bado yako mbali?

SWALI: Kaka shikamoo. Mi naishi Dodoma mjini ila nyumbani ni Kondoa. Kila nikiwasha redio nasikia uchumi umekua, tuko uchumi wa kati tangu 2020, sawa, nafurahi. Lakini mama bado anafuata maji saa nzima kwenda na kurudi, anapikia kuni, sakafu ya nyumba ni udongo, choo ni shimo na magogo tu. Umeme wa REA umefika, simu ipo, baiskeli ipo, chakula siyo shida. Mdogo wetu wa mwisho ana miaka 12, ameacha shule tangu mwaka jana. Hivi hao wanaopima maendeleo wanapima nini? Au sisi hatumo?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba dada yangu. Mmo, ila kwenye hiyo hesabu unayoisikia redioni mmechanganywa na watu wengine mpaka hamwonekani.

Ile ya 2020 ilikuwa hivi: tarehe 1 Julai Benki ya Dunia ilitangaza kwamba wastani wa pato kwa Mtanzania mmoja mwaka 2019 ulifika dola 1,080, na mstari wa kuingia uchumi wa kati ngazi ya chini ulikuwa dola 1,036, basi tukavuka kwa dola 44. Hizo 1,080 hakuna aliyepewa mkononi, ni pato lote limekusanywa likagawanywa kwa vichwa vyote, cha mama yako na cha mwenye maghorofa Kariakoo. Miaka miwili tu nyuma, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta watu 26.4 katika kila 100 wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Taarifa zote mbili ni za kweli, zinajibu maswali tofauti, shida ni kwamba moja inapigiwa vigelegele na nyingine inakaa kabatini.

Kuna linaloniuma zaidi ya hapo. Mama lishe wa stendi akipika ugali akauza, unaingia kwenye pato la taifa. Mama yako akipika ugali uleule nyumbani hauingii, na kufua, kulea wajukuu, kuuguza mzee usiku kucha, vyote haviingii. Maji ya kuteka kanuni za kimataifa zinaruhusu yahesabiwe, ila hapo inapigwa thamani ya maji yaliyomo ndani ya ndoo, ile saa nzima na ile shingo hazina pa kuandikwa. Na siyo kwamba hatukuonywa. Simon Kuznets, mchumi aliyeongoza kazi ya kupiga hesabu hizi Marekani, mwenyewe alilionya bunge lao mwaka 1934 kwamba pato la taifa peke yake haliwezi kukuonyesha ustawi wa watu. Fundi wa mzani ndo alisema usipimie kila kitu kwa mzani wangu.

Sasa kipimo kinachomwona mama yako kipo. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walitoa kipimo cha umaskini wa pande nyingi. Hiki hakiulizi una shilingi ngapi. Kinaingia ndani ya nyumba na kuangalia mambo 10: lishe na vifo vya watoto upande wa afya, miaka ya kusoma na watoto kuwa shuleni upande wa elimu, halafu sita za maisha ya kila siku, yani nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba yenyewe na vitu mnavyomiliki. Tufanye nyumba nzima ina pointi 18. Kila pungufu la afya au elimu ni pointi 3, kila pungufu la yale sita ni pointi 1. Nyumba ikifika pointi 6 inahesabiwa maskini.

Haya tupige ya kwenu. Maji, kama kwenda na kurudi ni dakika 30 au zaidi ni pungufu, mama anatumia 60, pointi 1. Kuni 1. Sakafu ya udongo 1. Choo cha magogo 1. Umeme upo, simu na baiskeli zipo, hapo mmepona. Tumefika 4. Mdogo wako kutokuwa shule, 3. Jumla 7, kwa hiyo mmo, dada, na mmo kabisa.

Ila angalia hili, nilipolipiga mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Mtoto akirudi darasani mnabaki na 4, nyumba inatoka kwenye orodha ya maskini, na mama kesho yake anaamka saa kumi na moja alfajiri na ndoo ileile. Kwa hiyo hata kipimo kizuri usikiamini kwa jina lake, uliza kimeangalia nini na mstari wameuchora wapi. Na pato la taifa linaweza kukuficha hata mazuri: vifo vya wazazi nchini vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa afya wa 2015/16, ule wa 2022 ukakuta 104. Hiyo tofauti ni akina mama waliorudi nyumbani na watoto wao. Kwenye wastani wa dola hutawaona.

Huyo mtoto lakini msimwache, miaka 12 bado sana. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mie nipo Muscat, wazee wetu walirudi huku kutoka Unguja miaka ya 70. Bibi husema walikuta nchi haina skuli wala hospitali. Watu husema Oman imeendelea kwa mafuta tu. Basi kila penye mafuta watu huishi vizuri?
Msomaji, Muscat

JIBU: Wa alaykum salaam. Bibi hajaongeza chumvi nyingi. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli tatu tu za msingi. Na miaka 40 baadaye, ripoti ya maendeleo ya binadamu ya UNDP ya 2010 ilipopanga nchi 135 kwa hatua zilizopigwa tangu 1970, ya kwanza ilikuwa Oman, mbele ya China. Ripoti hizo zilianza 1990, kazi ya Mahbub ul Haq wa Pakistan pamoja na rafiki yake Amartya Sen wa India, na kipimo chao kinachanganya vitu vitatu, umri wa kuishi, elimu na kipato. Kipato wenyewe wamekiwekea dari, kikizidi dola 75,000 kwa mtu hakiongezi kitu tena, maana mtu hali mara kumi kwa siku.

Mafuta yalisaidia, nani atakataa, ila yaligeuzwa skuli na zahanati. Weka pembeni yake Guinea ya Ikweta, mafuta yalianza kutoka kwa wingi miaka ya 90, wastani wa pato ukapanda mpaka Benki ya Dunia ikaiweka miongoni mwa nchi za kipato cha juu, lakini kwenye kipimo hicho cha maendeleo ya binadamu ilibaki nyuma mno ya pesa zake. Mafuta ni yaleyale. Mtoto wa Malabo, mji wa huko Guinea ya Ikweta, angepima angeona skuli ngapi?

SWALI: Mhariri, hapa Nakuru kuna jamaa anasema Bhutan wanapima furaha ya raia badala ya uchumi. Si huo ni mchezo? Furaha unaipima na nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Si mchezo ndugu yangu. Wazo ni la mfalme wao Jigme Singye Wangchuck, miaka ya 70, na katiba yao ya 2008 inaitaka serikali ilitimize. Hawaulizi tu "una furaha?" Wana vigezo 33 katika maeneo 9, na ndani yake kuna afya, elimu, mazingira, ujirani, utamaduni, mpaka matumizi ya muda: unafanya kazi saa ngapi, unalala saa ngapi. Uchumi nao wanaupima. Na hawajafika peponi, vijana wao wengi miaka ya karibuni wamekuwa wakihamia Australia kutafuta kazi, kwa hiyo sikushauri uwaige kila kitu.

Ila nyinyi Kenya mna sababu ya kusikiliza. Septemba 2014 watakwimu walibadilisha mwaka wa msingi, yani mwaka wanaolinganishia hesabu zao, kutoka 2001 kwenda 2009, pato la taifa likapanda kama asilimia 25 kwa siku moja na Kenya ikaingia uchumi wa kati. Kazi halali kabisa, kuna biashara zilikuwa hazihesabiwi vizuri. Lakini asubuhi ile utingo wa matatu aliamka saa kumi kama jana yake. Mtu angemuuliza kalala saa ngapi, angekuwa na jibu.