Kazi Aliyonipa Mama Kabla ya Kila Safari

Sikuwa nimefikisha miaka saba Mama aliponikabidhi kitambaa kikuukuu akasema, "Kuanzia leo kazi yako ni oili. Usiponiambia iko sawa, gari haliondoki." Nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena na kuona oili imefika kati ya alama mbili. Alikuwa akipima tena kwa siri nikishaingia ndani, hilo nililigundua miaka mingi baadaye. Lakini tangu asubuhi ile sikuwa tena abiria wa kubebwa tu.

Nawaandikia ninyi mliopata leseni juzi na mnaiwaza safari ndefu ya kwanza.

Oili pimeni gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa. Kifuniko cha rejeta msikiguse injini ikiwa ya moto, maji yale yako kwenye shinikizo na yatawarukia usoni. Upepo upimeni tairi likiwa baridi, mfuate kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, ambacho mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba ya shinikizo iliyochapwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake tu, wala si kiasi cha kujaza.

Kwa kweli ubavu wa tairi ndio uliokuwa kitabu changu cha kwanza. 205/55 R16: upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 16. Halafu tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT. Zikisomeka 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzito, yaani ile michoro inayokanyaga barabara, na bado mpira wake umezeeka, umeanza kupasuka nyufa, kwa hiyo msidanganywe na weusi wake. Mpaka leo napita kwenye maegesho nikiinama kusoma umri wa matairi ya watu, na wenye magari hunitazama kama mwizi.

Tukichoka njiani, Mama alikuwa akinisimulia habari za Bertha Benz. Agosti 1888, huko Ujerumani, mama huyo alichukua gari la mumewe, Karl, mmoja wa wavumbuzi wa gari, bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakatoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 106, kwenda kwa mama yake. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Mafuta yalipopungua, akanunua kwenye duka la dawa. Kwenye vilima wavulana walishuka kusukuma. Mimi nilipenda hapo pa kusukuma. Mama alipenda pale breki za mbao zilipolika kwenye miteremko, Bertha akamwambia fundi viatu azipigilie ngozi. "Umeona?" angesema. "Kupanda kuna aibu tu. Kushuka ndiko kunakoua."

Nilimsikia mara mia, na bado nilifanya kosa lile lile. Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha peke yangu nilianza mteremko mrefu nikiwa gia namba tano, mguu juu ya breki muda wote. Katikati nikasikia harufu ya kuungua, kisha pedali ikawa laini, inazama. Pedi za breki zilikuwa zimechemka, na mafuta ya breki nayo, ambayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, yalianza kufanya mapovu. Ukikanyaga unabana mvuke. Nilishusha hadi namba tatu, halafu mbili, injini ikanguruma, gari likashika adabu. Nilisimama kwenye nafasi ya kwanza niliyoiona, nikakaa zaidi ya nusu saa miguu ikitetemeka.

Basi kanuni yake ni hii: shuka na gia ambayo ungepandia mlima huohuo, na uichague kabla mteremko haujaanza. Kwenye gari la otomatiki tumieni L (gia ya chini), 2 au hali ya kuchagua gia kwa mkono. Breki kanyageni kwa vipindi, mkiachia zipoe. Nyutro kamwe, hata mkiambiwa inaokoa mafuta. Na mafuta ya breki yabadilishwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi ni kila miaka miwili.

Kuhusu usingizi sina mengi. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 kila sekunde, hivyo kope zikifumba sekunde tatu tu umekwenda mita 84 bila dereva. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakusaidii. Simameni kila baada ya saa mbili, mkisinzia laleni dakika ishirini.

Siku hizi mimi ndiye naendesha, Mama anakaa kiti cha pembeni. Tukikaribia mteremko huacha kuongea. Simwangalii usoni, nauangalia mguu wake wa kulia: ukianza kukanyaga zulia, nashusha gia moja zaidi.