Kabla Hujaandika Chochote Kuhusu Guru na Mwanafunzi Wake

Nimesoma dini za India nikiwa Kolkata na sasa nawafundisha wanaoanza. Kazi ya kwanza ninayoletewa kuhusu guru, yaani mwalimu wa kiroho wa Kihindu, huwa inafanana mwaka hata mwaka: mtu mzima anainama, anagusa miguu ya mtu mwingine, anatii. Mwandishi ameeleza alichokiona kwa macho, akaishia hapo. Mazungumzo yaliyotangulia kuinama huko hayamo, na maisha ya pamoja yaliyofuata hayamo pia. Kwa hiyo nawaambia mapema, ninyi mnaoingia sasa: katika mila hii kunyenyekea na kuuliza vilizaliwa pamoja. Ukikuta unyenyekevu peke yake, ama hujasoma vya kutosha, ama kuna jambo limeharibika mahali hapo.

Anza na Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, sura ya 4, aya ya 34. Krishna anamweleza mwanafunzi wake, shujaa wa vita Arjuna, jinsi ya kupata maarifa kwa wale walioiona kweli: kwa kusujudu, kwa kuuliza maswali, kwa kutumikia. Mambo matatu, na swali liko katikati. Wanaotaka kutetea utii hunukuu la kwanza na la tatu. Kisha nenda sura ya 18. Krishna amemaliza kufundisha, naye kwa msomaji Mhindu ni Mungu mwenyewe, lakini katika aya ya 63 anamwambia Arjuna ayatafakari yote aliyosikia, halafu atende apendavyo. Aya tatu mbele ndipo inapokuja ile maarufu ya kuacha yote na kumkimbilia yeye peke yake. Zisomeni pamoja. Kujisalimisha kunakotajwa katika aya ya 66 ni kwa mtu aliyekwisha kuachiwa uhuru wa kukataa.

Upanishad, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, zinambana mwalimu pia; Mundaka na Taittiriya ni mbili kati yake. Mundaka inamtaka mwanafunzi aende kwa guru akiwa na kuni za moto wa ibada mkononi, lakini hapo hapo inataja guru mwenyewe awe mtu gani: aliyebobea katika Veda, maandiko matakatifu ya kale, na aliyesimama imara katika Brahman, yaani Ukweli Mkuu usio na mwisho. Taittiriya, katika maneno ya kumuaga mwanafunzi aliyehitimu, inamwambia amtazame mama kama mungu, baba kama mungu, mwalimu kama mungu, mgeni kama mungu. Endelea mstari unaofuata. Mwalimu yuleyule anasema: katika matendo yetu, yale mema ndiyo uyafuate, mengine uyaache. Sentensi hiyo ninawataka wanafunzi wangu waijue kwa moyo.

Na msiruke kisa cha Satyakama katika Chandogya, Upanishad nyingine. Ni kijana asiyemjua baba yake. Anakwenda kwa mwalimu Gautama kuomba apokewe, anaulizwa ukoo, naye anajibu vilevile alivyoambiwa na mama yake Jabala: nilikuzaa wakati nikitumika huku na huku, sijui ukoo wako. Gautama anampokea kwa sababu hakuiacha kweli. Kisha anamkabidhi ng’ombe 400 waliokonda, na kijana anaapa moyoni kutorudi mpaka wafike 1000. Miaka inapita porini. Huko anafundishwa na fahali, na moto, na ndege wawili. Anaporudi uso wake unang’aa, mwalimu anamuuliza ni nani aliyemfundisha, na Satyakama anasema si binadamu, lakini anaomba mwalimu wake amfundishe yeye mwenyewe. Maarifa alikuwa nayo tayari. Alichokitaka ni kuyapokea kutoka kwa mtu aliyemkubali siku ile alipokuja bila jina la baba. Kwangu mimi hakuna maandiko yanayoueleza upendo huu vizuri kuliko hapo.

Baada ya maandiko, chukueni jozi moja ya watu walioishi kweli na mkae nayo muda mrefu. Mimi huwaelekeza wanafunzi kwa Ramakrishna na Narendranath Datta, aliyekuja kujulikana kama Vivekananda, kwa sababu kumbukumbu zao ni nyingi na zimeandikwa na watu waliokuwepo.

Ramakrishna alizaliwa mwaka 1836 katika kijiji cha Kamarpukur, Bengal, akawa kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali huko Dakshineswar, kwenye ukingo wa Mto Hooghly, hekalu lililojengwa na mama tajiri, Rani Rashmoni, na kufunguliwa mwaka 1855. Shule hakuisoma sana. Narendra alizaliwa Kolkata mwaka 1863, mtoto wa wakili, msomi wa chuo, mwimbaji, mfuasi wa Brahmo Samaj, jumuiya ya kurekebisha dini ya Kihindu iliyopinga ibada ya sanamu. Walionana mwaka 1881. Swali la kijana huyo kwa wazee wa dini lilikuwa moja: bwana, umemwona Mungu? Ramakrishna alimjibu kwamba ndiyo, anamwona kama anavyomwona yeye pale, ila kwa nguvu zaidi.

Wengi husimulia hadi hapo, kana kwamba jibu hilo lilimaliza kazi. Halikumaliza. Narendra alibishana naye kwa miaka. Alimdhania mwenye kichaa. Alikataa kumwinamia Kali. Inasimuliwa kwamba aliposikia Ramakrishna hawezi kugusa fedha, alificha rupia chini ya godoro lake kwa siri. Mzee aliporudi na kuketi, aliruka kwa maumivu, kitanda kikakaguliwa, sarafu ikaonekana. Hakukasirika. Aliwataka wanafunzi wampime kama wabadili fedha wanavyopima sarafu zao.

Mwingine, Yogin, alilala hapo usiku, akaamka na kukuta kitanda cha mwalimu kiko wazi. Akashuku kwamba ameenda kwa mkewe, Sarada Devi, aliyekaa katika chumba kidogo cha mnara wa wapiga muziki uani. Akatoka akasimama akiulinda mlango ule. Ramakrishna akatokea upande mwingine kabisa, alikokuwa akitafakari chini ya miti. Yogin aliona aibu. Mwalimu akamsifu: mtu mtakatifu achunguzwe mchana na usiku, ndipo aaminiwe.

(Yogin huyu ndiye Swami Yogananda wa kwanza, aliyefariki mwaka 1899. Msimchanganye na Paramahansa Yogananda aliyekwenda Marekani baadaye. Kosa hilo nimelikuta hata kwenye tasnifu.)

Uchunguzi ulikwenda pande zote mbili. Kuna kipindi Ramakrishna aliacha kabisa kuzungumza na Narendra. Kijana anaingia, hasalimiwi, anakaa na wenzake, anaondoka, wiki ijayo anarudi. Ikapita zaidi ya mwezi. Mwishowe mzee akamuuliza kwa nini anaendelea kuja ilhali hasemeshwi. Narendra akajibu kwamba haji kwa ajili ya maneno yake. Anampenda na anataka kumwona. Mkitafuta mahali ambapo bhakti, yaani ibada ya upendo, ilidhihirika katika uhusiano wao, tazameni hapo. Mabishano hayakuwa yamekwisha.

Mwaka 1884 baba yake Narendra alifariki, familia ikaanguka katika njaa na madeni. Ramakrishna akamtuma aende mbele ya Kali akaombe mwenyewe. Alikwenda mara tatu usiku uleule, na mara zote alijikuta akiomba utambuzi, kuachana na dunia, maarifa na ibada. Mwalimu alikubali kuwaombea jamaa za Narendra wasikose chakula na nguo za kawaida. Mwaka uliofuata ndipo Ramakrishna akaugua saratani ya koo. Vijana walimuuguza kwa zamu kwenye nyumba ya bustani huko Cossipore, Narendra akiwaongoza. Wengine walipoanza kuogopa kuambukizwa, inasimuliwa kwamba alichukua bakuli la uji aliobakiza mgonjwa akaunywa mbele yao. Ramakrishna alifariki tarehe 16 Agosti 1886.

Na hata hapo maswali yaliendelea, sasa kati ya wanafunzi wenyewe. Vivekananda alipoanzisha Ramakrishna Mission tarehe 1 Mei 1897, kwa ajili ya kuhudumia watu, Yogananda yule yule aliyelinda mlango usiku alimuuliza kama kweli haya ndiyo mwalimu wao aliyoyafundisha, au ni mambo ya kizungu. Vivekananda alimuuliza naye amejuaje kwamba hayo si mawazo ya mwalimu, akasema hakuna wa kuyawekea mipaka. Kila mmoja alikuwa akimlinda mzee kwa njia yake.

Mkisoma habari hizi, kumbukeni nani aliandika. Mazungumzo ya Dakshineswar mengi tunayo kwa sababu ya Mahendranath Gupta, mwalimu mkuu wa shule, aliyekuwa akiandika shajara kila anaporudi nyumbani. Vitabu vyake vitano vya Kibengali vilitoka kati ya 1902 na 1932, mwalimu wake akiwa amekwisha kufariki zamani. Alikuwa mfuasi. Upendo wake umo kwenye kila ukurasa, na tarehe zimo pia, pamoja na siku ambazo yeye mwenyewe alikaripiwa. Msimtupe kwa sababu anapenda, wala msinakili kila kitu kana kwamba ni taarifa ya mahakama. Na msisahau wanawake: guru wa mapema wa Ramakrishna katika tantra, njia ya ibada na matambiko ya siri, alikuwa mwanamke, Bhairavi Brahmani, na Sarada Devi, baada ya kufiwa na mumewe, aliwapa mantra (maneno matakatifu ya kurudia katika ibada) watu wengi mpaka alipofariki mwaka 1920.

Wengi wenu mmekulia Pwani au mna jamaa walio kwenye tarika, kwa hiyo habari ya shehe na muridi hamhitaji kufunzwa. Ni mtaji mzuri. Tayari mnajua kwamba mtu mwenye akili zake timamu anaweza kumpenda mwalimu wa roho kuliko nafsi yake. Lakini muridi wa Qadiriyya hatasema shehe wake ni Mungu, ilhali kuna shloka, ubeti wa Kisanskriti, ambayo watoto wengi wa Kihindu huijua tangu utotoni: guru ni Brahma, guru ni Vishnu, guru ni Maheshvara, yaani miungu mikuu mitatu. Kabla hujashtuka, uliza msemaji ni wa madhehebu gani. Kwa Advaita, falsafa ya umoja wa vyote, kila mmoja kwa undani wake ni Brahman, na guru ndiye aliyelijua hilo. Kwa Wavaishnava (wanaomwabudu Vishnu) wa njia ya Chaitanya, guru huheshimiwa kama Mungu lakini ni mtumishi wake mpendwa, si Mungu. Kwa Waswaminarayan wa BAPS, jumuiya ya Kihindu yenye asili Gujarat, guru ni Akshar, ambaye Mungu hukaa kikamilifu ndani yake, na bado si Mungu mwenyewe. Sentensi ni ileile, imani ni tatu. Wengine hawakuwa na guru wa kibinadamu kabisa. Ramana Maharshi alisema guru wake ni mlima Arunachala.

Hao BAPS nimewataja makusudi, kwa sababu Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam mtawakuta karibu. Guru wao Yogiji Maharaj alifika Afrika Mashariki mwaka 1955, 1960 na 1970, na mrithi wake Pramukh Swami, aliyefariki mwaka 2016, aliwazuru pia. Nendeni mkazungumze na wazee. Vueni viatu, vaeni nguo za kusitiri, msipige picha bila ruhusa. Wanaume na wanawake hukaa pande tofauti, na masadhu (watawa) wao wameweka nadhiri inayowazuia kuzungumza na wanawake. Dada zangu, msilichukue kama tusi kwenu binafsi. Zungumzeni na akina mama, na mara nyingi mtarudi na mengi kuliko sisi.

Sasa lile baya, maana msomaji wenu atauliza. Mwaka 2018 mahakama ya Jodhpur ilimhukumu guru Asaram Bapu kifungo cha maisha kwa kumbaka msichana aliyekuwa hajafikia umri wa utu uzima, mwanafunzi wa shule ya ashram yake. Wazazi wake walikuwa wafuasi waliomwamini guru huyo wakampelekea binti yao. Andikeni hilo wazi, bila kulipaka rangi. Na msiandike kwamba bhakti ndiyo iliyomponza binti huyo. Linganisheni na Dakshineswar: huko mwalimu alisifu aliyemvizia usiku. Guru anayekataza maswali, anayemtenga mwanafunzi na watu wake, anayetaka faragha na watoto, amekwisha kuivunja Gita 4.34 kabla hata hajafanya kosa la kisheria. Mkiwa utafitini mkakuta hivyo, ondokeni na mtoe taarifa. Kazi ya shule itasubiri.

Katika mahojiano, acheni swali la “kwa nini unamwinamia?” Jibu lake mtalipata la kukariri. Ulizeni: ulimjua kwa muda gani kabla ya kupokea mantra? Ulimuuliza nini kikakusumbua jibu lake? Ni lini mlitofautiana? Mzee mmoja wa Kigujarati alininyamazia muda mrefu nilipomuuliza la mwisho, kisha akaniita niketi karibu na akaongea mpaka chai ikapoa. Kama mnaweza kuchagua wakati, nendeni siku ya Guru Purnima, sikukuu ya kuwaenzi magurus, siku ya mwezi mpevu wa Ashadha katika kalenda ya Kihindu, ambayo kwa kawaida huangukia Julai. Ombeni ruhusa wiki moja kabla, kwa sababu siku yenyewe mahekalu hujaa na hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuwaeleza chochote. Mahojiano yawekeni siku mbili tatu baadaye, watu wakiwa bado wamejaa furaha na wamepumzika.