Shangazi wa Jikoni: Egnogi ya Krismasi Isiyokatika

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu kinywaji kimoja, yale maziwa mazito ya mayai ambayo Wamarekani huyaita egnogi na kuyanywa katika msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Nimeona nizijibu pamoja, kwa kuwa jibu la barua moja linaingia ndani ya jingine.

Swali: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Chumbageni, Tanga. Mwaka jana mdogo wangu alikuja likizo kutoka Marekani, akatuhadithia kuhusu egnogi, nami nikaipika mkesha wa Krismasi. Nilichemsha maziwa, nikavunjia mayai humo humo sufuriani, nikakoroga. Mara ikawa vipandevipande, kama mayai ya kukaanga yaliyomwagiwa maziwa, na shombo likajaa nyumba nzima. Watoto hawakuigusa. Nilikosea wapi, na mwaka huu nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole kwa maziwa yaliyopotea siku ambayo kila shilingi ina kazi yake. Kosa lako ni kwamba mayai mabichi yalikutana na maziwa yanayotokota bila ya kuzoeshwa joto kwanza. Kiini cha yai kina protini ambazo, zikipashwa moto polepole, hufunguka na kushikana kidogo kidogo, na hapo ndipo maziwa yanapopata ule uzito laini. Lakini zikipigwa na joto kali ghafla, hukazana kwa pamoja na kuyakamua maji nje, na hayo ndiyo mapande uliyoyaona. Kiini peke yake huanza kuganda kwenye nyuzi joto 65 hivi za Selsiasi. Kikichanganywa na maziwa na sukari huvumilia zaidi, ila ukivuka nyuzi 82 au 85 mchanganyiko hukatika, na maziwa yako yalikuwa yamekaribia 100. Kazi yako mwaka huu, kwa hiyo, ni kuifikisha egnogi kwenye nyuzi 71, joto ambalo huua bakteria wa salmonela, kisha kuiondoa motoni kabla haijafika 80.

Kwa vikombe sita vya wastani utahitaji viini 6 vya mayai ya kisasa, au 8 vya mayai ya kienyeji kwa kuwa ni madogo. Maziwa robo tatu ya lita. Krimu robo lita. Sukari gramu 100, yaani karibu nusu kikombe. Chumvi ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Kijiti kimoja cha mdalasini. Punje nne za iliki. Na kungumanga nzima ya kukwaruza. Krimu isipopatikana, tumia maziwa matupu lita moja na uongeze viini viwili, wala hutaona upungufu mkubwa.

Maziwa si shida katika mkoa wetu. Ukinunua yale ya mfuko yaliyokwisha kupashwa kiwandani, yatie jikoni moja kwa moja. Lakini ukinunua kwa muuzaji wa baiskeli anayepita asubuhi na madumu yake, yachemshe kwanza mpaka yafure kabisa, kisha uyaache yapoe kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, na joto dogo la egnogi nisingependa ulitegemee kwa kazi hiyo. Malai yatakayojikusanya juu usiyatupe. Yarudishe ndani, ndiyo krimu yenyewe.

Viungo navyo tunavyo mlangoni. Iliki na mdalasini hulimwa Amani na vijiji vingine vya Muheza, kwenye milima ile ile ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902, na ukivinunua sokoni kutoka kwa mtu aliyeshuka navyo wiki hiyo utajua tofauti kabla hujafika nyumbani. Kungumanga inunue nzima, kamwe usinunue unga wake. Harufu yake imo katika mafuta mepesi yanayoruka mara tu inaposagwa, na unga uliokaa dukani miezi sita umebaki rangi tu.

Sasa twende jikoni. Tia maziwa, krimu, mdalasini na iliki iliyopondwa katika sufuria nzito, uweke moto mdogo mpaka mvuke uanze kupanda na vipovu vidogo vizunguke ukingoni, bila ya kuchemka. Funika, epua, uache robo saa viungo vitoe harufu yake. Wakati huo weka viini kwenye bakuli pamoja na sukari na chumvi, uvipige kwa mchapo papo hapo. Ukiiacha sukari imekaa juu ya viini bila ya kuvipiga, itavivuta maji na kuacha chembe ngumu ambazo haziyeyuki tena. Piga mpaka rangi ya manjano ififie iwe kama siagi, na ukiinua mchapo mchanganyiko uteremke kama utepe unaojikunja juu ya mwenzake kabla ya kuzama.

Yapashe maziwa tena yawe ya moto, kisha chota upawa mmoja, umimine ndani ya viini kama uzi mwembamba, mkono mmoja ukimimina na mwingine ukipiga bila kusita. Tia upawa wa pili, na wa tatu. Shika bakuli kwa nje: likishakuwa vuguvugu, viini vimezoea joto, nawe unaweza kuvirudisha vyote sufuriani. Kuanzia hapo moto uwe mdogo kuliko unavyodhani, na ikiwa unatumia jiko la mkaa, ondoa makaa mpaka yabaki machache yaliyoanza kuvaa majivu. Koroga kwa mwiko wa mti, ukipita chini na kwenye pembe ambako huganda kwanza. Itachukua dakika nane hadi kumi na mbili, na kwa muda mwingi utaona kama hakuna kinachotokea. Usiongeze moto. Niliwahi kuiacha sufuria mahali hapo hasa nikaenda kuitikia hodi, nikampokea mgeni, nikamtengea kiti, na niliporudi ilikuwa imekwisha kukatika. Tangu siku hiyo nikishaanza kukoroga, mwingine ndiye anayefungua mlango.

Alama ya kuiva ni hii: toa mwiko, utaona umevikwa utando mwembamba, pitisha kidole katikati ya mgongo wake, na mstari ukibaki wazi bila ya maziwa kuteremka kuufunika, iepue wakati huo huo. Mwenye kipimajoto atasoma kati ya 71 na 76, nami namshauri kila anayewapikia watoto au wazee akitafute, kwa sababu mwiko unaonyesha uzito, bali kipimajoto ndicho kinachothibitisha joto. Ichuje kwenye bakuli lililokaa ndani ya beseni la maji na barafu, endelea kukoroga mpaka ipoe, ndipo ukwaruze kungumanga juu yake. Ukiona chembe chache zimeanza kujitokeza kabla hujaepua, kimbilia chujio na barafu mara moja, kisha ipitishe kwenye blenda; mara nyingi huokoka. Iliyokwisha kugawanyika maji na mapande haiokoki.

Ama shombo, hilo huzidi mayai yanapopikwa kupita kiasi, kwa hiyo likikujia puani ukiwa bado unakoroga, chukulia kuwa moto umekushinda na uepue.

Swali: Shangazi, salaam. Niko Pongwe. Rafiki yangu aliyefanya kazi melini anasema mayai ya egnogi hayapikwi kabisa, kwamba ramu inayotiwa ndani huua vijidudu vyote. Lakini kwetu nusu ya ukoo ni Waislamu, na siku ya Krismasi tunakula sinia moja. Je, bila ya pombe bado ni egnogi?

Jibu: Salaam, ndugu yangu. Ni egnogi kamili. Asili yake ni kinywaji cha Waingereza wa zamani cha maziwa ya moto yaliyotiwa mvinyo au bia na viungo. Kilipofika kwenye makoloni ya Amerika, ramu ya visiwa vya Karibi ilikuwa rahisi kupatikana, ikashika nafasi hiyo. Ladha na uzito wake vinatokana na maziwa, kiini na kungumanga, na leo huko Marekani pakiti zinazouzwa madukani kwa ajili ya familia kwa kawaida hazina pombe.

Rafiki yako ana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoweza kuwalaza watu hospitali. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, watafiti waliwahi kutia salmonela makusudi ndani ya egnogi yenye pombe nyingi, wakaihifadhi kwenye baridi na kuipima. Baada ya wiki moja bakteria walikuwa bado wamo. Ni baada ya wiki tatu ndipo hawakuonekana tena. Anayetia ramu jioni na kunywa usiku ule ule hajaua kitu, na kuosha ganda hakutoshi, kwa kuwa kuku mwenye maambukizi anaweza kulitaga yai likiwa na salmonela tayari ndani yake. Pikeni mayai. Nalisema hili kwa mkazo zaidi kwa nyumba yenye mjamzito, mtoto mchanga au mzee.

Kuhusu ndugu zako Waislamu, liko jambo ambalo wapishi wengi hawalitazami: vanila halisi ya chupa hutengenezwa kwa kuloweka maganda ya vanila katika pombe, na sheria ya Marekani inataka pombe hiyo isipungue asilimia 35. Soma kibandiko, au iache vanila kabisa na utegemee iliki, ambayo kwa ulimi wa pwani ni bora zaidi. Na kungumanga yenyewe ina mjadala, kwani wako mafakihi walioihesabu miongoni mwa vitu vinavyolevya, na ni kweli kwamba mtu akila vijiko viwili vya chai vya unga wake huweza kutapika, moyo kwenda mbio na kuona visivyokuwapo. Mikwaruzo michache katika sufuria nzima iko mbali mno na kiasi hicho, lakini kwa mgeni wako uliza kabla ya kutia, kisha weka kungumanga mezani na kikwaruzo chake ili kila mtu ajitilie. Anayetaka ramu naye ajitilie kwenye gilasi yake, mbali na bakuli la wote.

Swali: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, naishi na bibi yangu Muheza. Bibi akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo humsokota, na hatuna friji. Je, naweza kutumia tui? Na ute wa mayai unaobaki niufanyie nini?

Jibu: Marahaba, mjukuu wangu, na umsalimie bibi. Tui linafaa sana. Huko Puerto Rico wanacho kinywaji chao cha Krismasi cha nazi, kiitwacho coquito, ambacho watu wengi hukitengeneza bila mayai kabisa, kwa hiyo huvunji kanuni ya mtu yeyote. Kuna nazi mbili, ukamue kasimile uiweke kando, kisha ukamue tui la pili ulipashe pamoja na iliki na mdalasini. Viini vizoeshe kwa tui hili la pili kama nilivyoeleza juu, pika mpaka mwiko uvae utando, na kasimile iingie dakika mbili za mwisho, ukikoroga kwa upande mmoja, kwa maana nayo hukatika ikichemka. Sukari punguza kidogo. Nazi ina utamu wake.

Kukosa friji ndilo jambo la kuangalia zaidi. Desemba kwetu ni joto la kaskazi, na chakula cha maziwa na mayai kikikaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja siku ambayo joto limepita nyuzi 32, bakteria huzaana ndani yake hata kama kilipikwa vizuri, na tui huchacha haraka vilevile. Wenye friji inayoshika nyuzi 4 wanaweza kuiweka siku mbili hadi tatu. Wewe pika kiasi cha kunywewa siku hiyo, viini viwili au vitatu tu, na mnywe ikiwa ya moto mara tu inapoepuliwa. Bibi atakipenda zaidi kikombe cha moto kuliko cha barafu, na mtakuwa hamna cha kuhifadhi.

Ute usiumwage. Upige mpaka utoe povu, uchovyee katlesi kabla ya kuzikaanga, au kama bibi anapika mkate wa kumimina, mpe autie kwenye unga wa mchele uliokwisha kuumuka muda mfupi kabla ya kuumimina kwenye sufuria. Mkate utapanda na kuwa mwepesi, nao mtaula pamoja na hiyo egnogi.