Kasi ya sauti kutoka 328 badala ya 346: kosa ni kutumia urefu mmoja tu

Umepima kasi ya sauti kwa kushikilia uma wa sauti (chuma cha pembe mbili kinachotoa mlio mmoja) juu ya bomba lenye maji, ukishusha maji mpaka hewa ya ndani ivume, na ukapata 328 m/s badala ya 346. Vipimo vyako ni sahihi, kanuni ndiyo pungufu. v = 4fL (v ni kasi, f ni idadi ya mitetemo ya uma kwa sekunde, yaani hezi, na L ni urefu wa hewa ndani ya bomba linapovuma mara ya kwanza) inachukulia kwamba wimbi linaishia mdomoni pa bomba, kumbe linatokeza nje kidogo, takriban mara 0.6 ya nusu kipenyo cha bomba. Kwa bomba lenye kipenyo cha sm 3 hiyo ni kama sm 0.9. Ukiisahau, uma wa hezi 512 uliovuma kwenye sm 16.0 unakupa 328 m/s.

Dawa yake: endelea kushusha maji mpaka bomba livume mara ya pili, kisha toa urefu wa kwanza kutoka kwa wa pili. Kwako ni 49.8 − 16.0 = sm 33.8, yaani nusu ya urefu wa wimbi. Kwa hiyo v = 2 × 512 × 0.338 = 346 m/s. Kile kipande cha nje kimejifuta chenyewe kwa sababu kimo katika vipimo vyote viwili. Ukitaka kukihakiki: (49.8 − 3 × 16.0) ÷ 2 = 0.9. Inakubaliana kabisa, na hapo ndipo uzuri wa jaribio hili ulipo.

Ila andika na jotoridi la chumba, maana 346 ni ya 25°C. Kila nyuzi moja inabadilisha kasi kwa karibu 0.6 m/s. Na uma upige kwenye mpira, si ukingo wa meza: unaharibika, tena hutoa milio mingine ya juu inayokupotosha.